Nyumba Iliyofungwa Kama Mzigo

Mtu akihama kijiji, huchukua mikeka yake, vyungu vyake, kuku wake na mbuzi wake. Nyumba huiacha. Kama ni ya udongo, mvua huiangusha kidogo kidogo, na baada ya miaka michache majani huota mahali pale. Ndiyo desturi ya nyumba: hukaa mahali ilipojengwa mpaka ianguke.

Lakini zilikuwako nyumba tatu ambazo hazikufuata desturi hiyo. Zilitengenezwa Ufaransa, zikafungwa kama mizigo, zikaletwa Afrika. Zilikaa Afrika miaka hamsini hivi. Kisha zilifunguliwa kipande kwa kipande, zikafungwa tena kama mizigo, zikarudi Ufaransa. Moja ilisimama Niamey, mji mkuu wa Niger. Mbili zilisimama Brazzaville, mji ulio ng'ambo ya mto Kongo. Mtu akisimama ukingoni Kinshasa, aweza kuiona Brazzaville kwa macho yake.

Kwa Kifaransa nyumba hizo huitwa Maison Tropicale, maana yake nyumba ya nchi za joto. Leo watu wanaojifunza historia ya ujenzi, katika Ulaya na Marekani, huzijua sana. Watu wengi wa Brazzaville hawajapata kuzisikia. Tutaona sababu yake.

Mfua chuma wa Nancy

Aliyezitengeneza ni Jean Prouvé. Alizaliwa mwaka 1901, akakulia Nancy, mji wa mashariki ya Ufaransa. Baba yake, Victor Prouvé, alikuwa mchoraji mwenye sifa. Mtoto Jean alipenda mashine, akatamani kusomea kazi ya injinia. Lakini vita kubwa ilianza mwaka 1914, na fedha za nyumbani hazikutosha. Basi mwaka 1916, akiwa kijana wa miaka 15, alikwenda karibu na Paris kujifunza kazi kwa fundi wa kufua chuma, Émile Robert. Alivukuta moto, akashika nyundo, akajifunza kukipiga chuma kikiwa chekundu.

Mwaka 1924 alifungua karakana yake mwenyewe huko Nancy. Kwanza alitengeneza milango ya chuma, na vyuma vya madirisha na vya ngazi. Baadaye akaanza kufanya kazi na mabati membamba ya chuma, ambayo mashine huyakunja. Hapo ndipo akili yake ilipoonekana.

Chukueni karatasi moja ya daftari. Ishikeni upande mmoja tu, kwa vidole viwili. Mnaona? Upande wa pili unaanguka, karatasi haina nguvu. Sasa ikunjeni katikati kwa urefu, ifunguliwe kidogo kama mfereji, mwishike tena upande mmoja. Safari hii imesimama sawasawa, na mnaweza hata kuweka kijiti juu yake. Karatasi ni ile ile. Haikuongezwa kitu. Mkunjo ndio ulioipa nguvu.

Prouvé alifanya hivyo hivyo na bati la chuma. Badala ya kutumia chuma kinene na kizito, alikunja bati jembamba, likawa nguzo yenye nguvu na nyepesi. Kwa njia hiyo alitengeneza viti, meza, na madawati ya wanafunzi. Kisha akatengeneza milango, kuta na mapaa. Mwishowe alitaka kutengeneza nyumba nzima.

Ugomvi wa wajenzi

Siku zile wajenzi wa Ulaya walikuwa wakishindana kwa maneno. Wazee wao walijenga kwa mawe na matofali, wakapamba kuta kwa maua ya plasta na sanamu. Vijana walisema mapambo hayo ni kazi bure. Walitaka nyumba nyeupe, yenye mistari iliyonyoka, madirisha mapana na paa la bapa. Mkubwa wao alikuwa Le Corbusier, mtu wa Uswisi aliyekaa Ufaransa. Alifundisha kwamba nyumba inapaswa kufanya kazi yake vizuri kama mashine. Nyumba yake moja, Villa Savoye, ilimalizika mwaka 1931 huko Poissy, karibu na Paris. Imesimama juu ya nguzo nyembamba kama sanduku jeupe lililoinuliwa, na mpaka leo watu huenda kuitazama.

Hata hivyo, nyumba kama hiyo ilijengwa kwa mikono, mahali pake, kama nyumba nyingine. Mafundi walichanganya saruji, wakapiga plasta, wakangoja ikauke. Ilifanana na mashine kwa sura tu.

Prouvé hakuwa mtu wa maneno mengi. Alitazama motokaa. Motokaa hutengenezwa kiwandani, vipande vyake vyote hupimwa sawasawa, na kipande kikiharibika hutolewa na kingine hutiwa. Kwa nini nyumba isitengenezwe hivyo? Hilo ndilo swali alilolifuata maisha yake yote, na kwa sababu hiyo wanaojifunza ujenzi humhesabu pamoja na wakubwa wa kazi hiyo, ingawa hakusoma kazi ya kuchora majumba.

Vita ya pili ilipopita katika nchi yake, nyumba nyingi zilibomoka. Jean Prouvé alikuwa amepigana kwa siri na adui waliokalia nchi, na mwaka 1944 aliwekwa kuwa mkuu wa mji wa Nancy kwa muda mfupi. Watu wengi wa jimbo la Lorraine walikuwa hawana pa kulala. Serikali ikamwagiza nyumba ndogo za mbao na chuma, za meta 6 kwa 6 na za meta 6 kwa 9. Vipande vyake vilikuja kwa lori, na watu wachache waliweza kuisimamisha nyumba moja kwa siku moja. Mwaka 1947 alipata kiwanda kikubwa zaidi huko Maxéville, karibu na Nancy.

Nyumba inayoingia katika ndege

Wakati ule Ufaransa ilikuwa na makoloni mengi katika Afrika. Niger ilikuwa koloni. Brazzaville ulikuwa mji mkuu wa makoloni yote ya Wafaransa katika Afrika ya kati. Serikali ilitaka nyumba na ofisi kwa maofisa wake na kwa Wafaransa waliokuja kufanya kazi. Saruji na chuma vilikuwa haba, na kusafirisha vitu kulikuwa ghali.

Prouvé, pamoja na ndugu yake Henri aliyekuwa mchora majumba, walifikiri hivi: tutengeneze nyumba yenye vipande vyepesi vinavyoweza kulazwa na kupangwa ndani ya ndege ya mizigo. Waliweka masharti. Kipande kisizidi urefu wa meta 4 hivi, maana mashine ya kukunja haikuweza zaidi. Kipande kisizidi uzito wa kilo 100, ili watu wawili waweze kukibeba bila winchi. Nguzo zilikuwa za bati la chuma lililokunjwa. Kuta na paa zilikuwa za aluminiamu, yaani madini yale yale mepesi meupe ya sufuria za jikoni. Nyumba ya kwanza ilipelekwa Niamey mwaka 1949. Nyumba mbili za Brazzaville zilifuata mwaka 1951.

Lakini nyumba ya bati katika nchi ya joto! Kila mwanafunzi anayekaa darasani chini ya mabati anajua mambo ya saa saba za mchana. Jua hulipiga bati, bati hupata moto, na moto ule huwashukia watu vichwani. Nyumba ya bibi iliyoezekwa kwa majani haina taabu hiyo, kwa sababu majani yake ni mengi, na hewa imekaa katikati ya majani ikizuia joto. Wazee walilijua jambo hilo bila kusoma vitabu. Mabati ndiyo yaliyotusahaulisha.

Prouvé hakuezeka kwa majani, kazi yake ilikuwa chuma. Basi aliweka paa mbili, moja juu ya nyingine, na nafasi katikati. Paa la juu lilipigwa na jua. Paa la chini lilikaa katika kivuli cha lile la juu. Hewa iliyokuwa katikati ilipata joto, na mnajua kwamba hewa yenye joto hupanda, kama moshi wa moto unavyopanda. Hewa ile ilitoka katika uwazi mrefu uliokuwa kileleni mwa paa. Ilipotoka, hewa ya baridi zaidi iliingia kutoka chini, penye kivuli. Nyumba ilivuta pumzi yenyewe mchana kutwa, bila mashine na bila umeme.

Kuzunguka vyumba kulikuwa na baraza. Ukingoni mwa baraza kulikuwa na mabamba membamba ya aluminiamu, yamepangwa kama mbavu za kapu. Mwenye nyumba aliweza kuyageuza: jua likiwa kali aliyalaza ili kupata kivuli, jua likishuka aliyafungua ili upepo upite. Kuta za ndani zilikuwa mabamba mengine, mengi yakisukumwa pembeni kama mlango wa duka. Katika mabamba hayo mlikuwa na vidirisha vya mviringo kama vya meli. Vioo vyake vilikuwa vya buluu, ili kupunguza ukali wa mwanga.

Huko Brazzaville nyumba mbili zilisimama jirani, juu ya nguzo, maana mahali penyewe pana mteremko. Daraja dogo liliziunganisha. Moja ilikuwa ofisi ya habari ya wafanyabiashara wa aluminiamu, na ya pili alikaa mkubwa wa ofisi hiyo. Jambo hili si dogo. Wenye viwanda vya aluminiamu walitaka kuuza madini yao katika Afrika, na nyumba ile ilikuwa tangazo lao.

Kwa nini zilikuwa tatu tu?

Kiwanda kilikuwa tayari kutengeneza nyumba nyingi. Hazikuagizwa. Fikirini kwanza sababu, kisha endeleeni kusoma.

Sababu ya kwanza ni fedha. Ilionekana kwamba nyumba ya aluminiamu iliyotoka mbali haikuwa rahisi kuliko nyumba ya matofali iliyojengwa pale pale. Sababu ya pili ni macho ya watu. Maofisa wa Kifaransa hawakuipenda sura yake. Walitaka nyumba kama za kwao, yenye kuta nene na heshima yake, na hii waliiona kama kibanda cha kiwanda.

Iko sababu ya tatu, ambayo vitabu vya ujenzi huipita upesi. Nyumba ile haikufikiriwa kwa ajili ya Mwafrika. Haikumwachia fundi wa Brazzaville nafasi ya akili yake, wala udongo wa Brazzaville haukuwa na kazi ndani yake, wala miti yake. Kipande kikipotea, kingine kilikuwa Maxéville, ng'ambo ya bahari. Tena mwaka 1953 Prouvé mwenyewe aliondoka Maxéville, kwa sababu kampuni ya aluminiamu iliyokuwa na hisa nyingi ilishika uongozi na kumnyima uhuru wa kazi yake. Tangu hapo hapakuwa na kiwanda wala fundi wa kutengeneza vipande vile. Ilikuwa nyumba yenye akili nyingi, na akili hiyo yote ilikuwa imebaki Ulaya.

Jean Prouvé aliendelea na kazi nyingine. Mwaka 1971 aliwekwa kuwa mkuu wa waamuzi waliochagua mchoro wa jengo kubwa la Paris, Centre Pompidou. Walichagua mchoro wa vijana wawili, Renzo Piano na Richard Rogers, ambao jengo lao lina vyuma na mabomba yote nje, kama mtu aliyevaa nguo ndani-nje. Lilifunguliwa mwaka 1977. Prouvé alikufa Nancy mwaka 1984.

Miaka hamsini

Mwaka 1960 Niger na Kongo ya Brazzaville zilipata uhuru. Wafaransa wengi waliondoka, nyumba zikabaki. Watu walikaa ndani yake, wakazitumia kama nyumba nyingine zozote. Mvua ilizinyeshea na chuma kilishika kutu. Mabamba mengine yalipotea. Mwaka 1997 vita ilipigwa katika mji wa Brazzaville, na risasi zilitoboa aluminiamu. Tundu zake zilionekana kama nyota katika kuta.

Wakati huo huo, huko Ulaya na Marekani, matajiri walikuwa wameanza kutafuta vitu vya Prouvé. Kiti chake cha bati, ambacho zamani mwanafunzi alikikalia bila kufikiri, sasa kiliuzwa kwa fedha nyingi. Karibu na mwaka 2000 mfanyabiashara wa Paris, Eric Touchaleaume, alizifuata nyumba tatu mpaka Niamey na Brazzaville. Alizinunua, akazifungua kipande kwa kipande, akazitia katika makontena, akazisafirisha Ufaransa. Hakuzibomoa. Hakukuwa na haja ya kubomoa, kwa sababu fundi wa Nancy alizifanya tangu mwanzo ziweze kufunguliwa na kubebwa.

Huko Ufaransa zilisafishwa na kunyoshwa. Moja ya Brazzaville ilionyeshwa Marekani mwaka 2005, kisha Paris katika Centre Pompidou, jengo lile lile ambalo Prouvé alilichagua. Ya pili ilisimamishwa New York mwaka 2007, ukingoni mwa mto. Tarehe 5 Juni ya mwaka huo iliuzwa kwa mnada. Mwenye mahoteli wa Marekani, André Balazs, aliinunua kwa dolari 4,968,000. Mwaka 2008 ilipelekwa London, ikasimamishwa mbele ya makumbusho ya Tate Modern. Watu walipanga mstari kuingia ndani, wakagusa mabamba ya jua, wakatazama mto Thames kupitia vioo vya buluu vilivyotengenezwa kwa ajili ya jua la Kongo.

Nyumba ni ya nani?

Hapo watu waligawanyika, na mpaka sasa hawajapatana.

Wengine husema: yule mfanyabiashara aliziokoa. Zilikuwa zinaliwa na kutu, zilipigwa risasi, na serikali mbili zile hazikuziweka katika hesabu ya mali za kulindwa. Kama zingebaki, leo zingekuwa vipande vya paa katika vibanda ishirini. Maneno haya yana kweli ndani yake, na mtu aliyeona mji baada ya vita hatayacheka.

Wengine hujibu: nyumba iliyofanywa kwa ajili ya upepo wa Brazzaville, ikisimama London katika baridi na ukungu, ni nyumba gani? Paa zake mbili hazina kazi huko. Imekuwa kitu cha kutazamwa, kama ngoma iliyofungwa ndani ya kabati la kioo. Tena, bei. Waliokuwa nazo Afrika waliuza bati la zamani. Aliyeuza New York aliuza kazi ya mkono wa Prouvé. Kitu ni kile kile, lakini aliyejua jina lake ndiye aliyepata mamilioni. Hayo nayo ni kweli, na uzito wake ni mkubwa zaidi. Mnada ulikuwa halali. Lakini mtu akiuza asichokijua kwa mtu anayekijua vizuri, biashara yao si sawa hata kama wote wawili wametia sahihi.

Watu wawili walikwenda kutafuta habari penyewe. Mmoja ni Manthia Diawara, mwenye asili ya Mali, mwalimu wa chuo kikuu na mtengenezaji wa filamu. Mwingine ni Ângela Ferreira, msanii mwanamke aliyezaliwa Msumbiji. Walifika Niamey na Brazzaville, wakazungumza na watu waliozijua nyumba zile. Diawara alitoa filamu yake mwaka 2008. Ferreira alipiga picha mahali ambapo nyumba zilisimama. Hapakuwa na nyumba ya kupiga picha. Alikuta misingi tu, maana misingi ilikuwa ya saruji, na ni kitu pekee ambacho hakikuweza kufungwa kama mzigo.

Kutoka katika safari hiyo Ferreira alitengeneza kazi kubwa ya mbao na aluminiamu, vipande vimepangwa kama nyumba iliyofungwa ndani ya kontena. Iliwekwa Venice, mji wa Italia, mwaka 2007, katika maonyesho makubwa ya wasanii wa dunia. Watu walipita katikati yake kama wanaopita katika njia nyembamba, vipande kushoto na vipande kulia. Mwaka ule ule, ng'ambo ya bahari, nyumba yenyewe ilisimama New York, imesafishwa, ikingoja siku ya mnada.